Usingizi wa Wahadzabe umepimwa, pumzi za wanaokoroma je?

WATAFITI wa usingizi katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya wanalifahamu vyema Bonde la Ziwa Eyasi. Kwa zaidi ya miaka 10 sasa, Wahadzabe waishio katika eneo hilo, ambalo Mang'ola, wilayani Karatu, ni lango lake, wamekuwa wakitajwa kila inapojadiliwa hoja ya namna binadamu alivyolala kabla ya ujio wa umeme, televisheni na simu za mkononi.

Wakati huohuo, upo ugonjwa wa usingizi ambao hautajwi sana nchini, ingawa dalili yake kuu husikika katika nyumba nyingi kila usiku. Ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ambao watu wengi huuona kuwa ni kukoroma tu. Utafiti wa aina ya kwanza umefika hadi porini. Utafiti wa aina ya pili, ambao ungemsaidia mgonjwa moja kwa moja, unakwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Mwaka 2015, jopo la watafiti wakiwamo Gandhi Yetish na Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilitoa matokeo ya kuwapima watu wazima 94 kutoka jamii tatu: Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Kwa jumla zilikusanywa takwimu za siku 1,165. Ilibainika kuwa jamii hizo hulala kwa wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku mmoja, na kwamba watu hao hawalali mara tu jua linapozama, bali hukaa kwa zaidi ya saa tatu ndipo usingizi uwachukue.

Miaka miwili baadaye, David Samson na wenzake, akiwamo Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha utafiti mwingine uliowahusu Wahadzabe 33. Katika muda wa siku 20 za kipimo, watu wote wa kundi hilo walikuwa wamelala kwa pamoja kwa dakika 18 tu. Muda wote uliosalia, alikuwapo angalau mmoja aliye macho au anayesinzia kidogo. Watafiti hao walitoa hoja kwamba tofauti ya umri na mazoea ya kulala huenda ilikuwa ulinzi wa asili kwa binadamu wa kale, kwani daima alikuwapo wa kusikia mnyonyo wa hatari.

Matokeo hayo yalipokewa kwa shangwe, na ni haki yake. Lakini ni muhimu kuelewa kile kilichopimwa. Kifaa kilichotumika ni mfano wa saa inayovaliwa mkononi, ambayo huandika mijongeo ya mwili. Mkono ukitulia kwa muda, huhesabiwa kuwa mhusika amelala. Kifaa cha namna hiyo hakiwezi kueleza kama hewa inapita kooni au imeziba, wala kama oksijeni katika damu imeshuka. Kwa hiyo, mtu anaweza kuandikwa kuwa amelala saa saba, ilhali katika saa hizo pumzi zake zimekatika mara mia mbili.

Hapo ndipo ulipo msingi wa ugonjwa wenyewe. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye shingo nene, taya dogo au mafindofindo makubwa, njia ya hewa hujifunga kabisa au kwa sehemu. Pumzi ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa kuwa tukio moja. Ubongo hushtuka, mgonjwa huamka kidogo bila kujitambua, huvuta hewa kwa kishindo, kisha hurudi usingizini. Madaktari huhesabu matukio hayo kwa saa: kuanzia matano ugonjwa upo, yakifika 15 ni wa kati, na yakifika 30 au kuzidi ni mkali.

Asubuhi mgonjwa huamka amechoka kana kwamba hakulala. Kichwa humuuma, husinzia mchana, hukasirika upesi na kusahau. Ugonjwa huu huenda sambamba na shinikizo la juu la damu, hasa lile lisiloteremka kwa dawa, pamoja na kisukari, kiharusi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Katika familia nyingi, anayekoroma huchekwa, au husifiwa kwamba amelala fofofo. Mwenzi wake wa kitandani ndiye shahidi wa kwanza, lakini ni mara chache huulizwa na daktari.

Mwaka 2019, jarida la kitabibu la Lancet Respiratory Medicine lilichapisha makadirio kwamba watu wazima milioni 936 duniani, wenye umri wa kati ya miaka 30 na 69, wana ugonjwa huu, na kati yao milioni 425 wana ule wa kati au mkali. Idadi hiyo inatisha, lakini ina udhaifu wake. Takwimu za uhakika zilipatikana kutoka nchi 16 pekee. Nchi nyingine zilikadiriwa kwa kulinganishwa na hizo, kwa kuzingatia mambo kama uzito wa watu wake. Yaani sehemu kubwa ya dunia imehesabiwa bila kupimwa.

Kwa Tanzania, sababu za kuwa na wasiwasi zipo. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban asilimia 26 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi, na idadi inayokaribia hiyo walikuwa na shinikizo la juu la damu. Katika nchi jirani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wagonjwa wa kisukari katika hospitali ya rufaa ulibaini kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa na usingizi mbovu, na zaidi ya wanne kati ya kila 10 walikuwa katika hatari kubwa ya kukatika pumzi usingizini.

Hata hivyo, utafiti huo wa Kenya ulitumia dodoso, na dodoso si kipimo. Dodoso linalotumika zaidi duniani lilitungwa Toronto, Canada, na kuchapishwa mwaka 2008. Lina maswali manane, likiwamo la unene wa shingo na la uwiano wa uzito na urefu. Viwango vyake viliwekwa kwa kuwatazama wagonjwa wa huko. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola mwenye mwili mkavu lakini taya dogo anaweza kujibu maswali yote na kuambiwa hana tatizo. Swali la msingi kwa watafiti wa hapa nyumbani ni iwapo viwango hivyo vinamfaa Mtanzania, na jibu lake haliwezi kuagizwa kutoka nje.

Kipimo kinachotegemewa zaidi hufanyika usiku kucha katika maabara, mgonjwa akiwa ameunganishwa na nyaya zinazofuatilia ubongo, macho, moyo, kifua na pumzi. Ni kipimo cha gharama, kinachohitaji kitanda, mtaalamu na umeme usiokatika. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni madaktari wa nchi nyingi wameelekea kwenye vifaa vidogo vya kupimia nyumbani, vinavyofuatilia mtiririko wa hewa puani na oksijeni kwenye kidole. Kwa mtu mzima mwenye dalili za wazi na asiye na maradhi mengine makubwa, vifaa hivyo vinakubalika.

Upande wa tiba nao una mafunzo yake. Mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walieleza namna walivyowatibu wagonjwa watano kwa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisijifunge. Hadi leo hiyo ndiyo tiba kuu. Huondoa usingizi wa mchana na kumrejeshea mgonjwa nguvu zake.

Lakini si dawa ya kila kitu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha wagonjwa 2,717 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au kiharusi, ulionyesha kuwa mashine hiyo haikupunguza mashambulizi mapya ya moyo wala kiharusi. Washiriki waliitumia kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Fundisho kwa wapangaji wa sera ni kwamba kununua mashine ni jambo moja, na mgonjwa kuivaa hadi alfajiri ni jambo jingine. Aidha, misaada ya mashine zilizokwisha kutumika inahitaji uangalifu, kwani Juni 2021 kampuni ya Philips ililazimika kuziita mamilioni ya mashine zake kutokana na sifongo la ndani kuharibika.

Desemba 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza kwa ugonjwa huu, tirzepatide, kwa watu wazima wanene wenye ugonjwa wa kati au mkali. Katika majaribio mawili yaliyohusisha watu 469, sindano hiyo ya kila wiki ilipunguza matukio ya kukatika pumzi kwa takriban 25 hadi 29 kwa saa. Ni hatua kubwa, ingawa bei yake bado ni mzigo hata katika nchi tajiri. Kwa watoto, ambao kwao chanzo kikuu ni mafindofindo na nyama za puani, upasuaji wa kuviondoa mara nyingi hutosha.

Suala hili si la vitandani pekee. Mwaka 2023 Serikali iliondoa zuio la mabasi kusafiri usiku, lililodumu kwa takriban miaka 30. Malori yanayobeba vitunguu kutoka Mang'ola nayo husafiri mbali kuyafikia masoko ya miji. Dereva anayekatika pumzi usiku husinzia kwenye usukani hata kama alilala saa nane, na ukaguzi wa saa za kupumzika hauwezi kumbaini. Anayeweza kumbaini ni daktari anayejua kuuliza.

Lipo basi jambo linalowezekana. Eneo la Mang'ola lina kitu ambacho maabara nyingi duniani hazina: ndani ya mwendo mfupi wanaishi wawindaji, wafugaji wa Kidatoga, wakulima wa umwagiliaji na wafanyabiashara wa mji mdogo. Ile saa ya mkononi ikiongezewa kipimo cha oksijeni cha kidoleni, utafiti uleule uliouliza watu wanalala saa ngapi ungeweza pia kuuliza wanapumuaje. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Muhimbili na KCMC zina wataalamu wa kuisimamia kazi hiyo, na matokeo yake yangewezesha dodoso la Kiswahili lenye viwango vya hapa.

Jamii zilizokubali kuvaa vifaa vya watafiti usiku baada ya usiku zimeipa sayansi mengi. Ni haki yao, na ya Watanzania wengine, kwamba utafiti ujao ukigundua mwenye pumzi zinazokatika usiishie kumwandika katika jedwali, bali umwonyeshe pia mlango wa hospitali ambako atatibiwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, ilijengwa juu ya hoja kwamba tiba isiwe ya wenye fedha pekee. Hoja hiyo inapaswa kufuatwa hata gizani, pale ambapo mgonjwa mwenyewe hajui kuwa anaumwa.