Waifai Yetu Haina Njia ya Panya

Kila mtaa hapa Nairobi uko na ile nguzo moja. Imebeba stima, imebeba waya za waifai za kampuni tano zinazoshindana, imebeba na bango la mganga. Siku lori la mchanga likiigonga, ploti kumi zinazimika pamoja. Na siku hizi ploti kumi si watu wa kuangalia video tu. Kuna msee anaandika maneno ya rekodi za Wamarekani kwa malipo, kuna dem anafundisha Kiswahili kwa video, kuna mtoto ako na asainimenti ya kesho. Mteja wa Marekani hajui lori la mchanga ni nini. Anajua tu umechelewesha kazi. Anakupa nyota moja na anahama.

Ukilia kwa jamaa wa waifai, jibu ni lile lile: ongeza doo kidogo upate spidi kubwa. Manze, barabara ikikatika, leni zake nne zinakusaidia na nini?

Mimi nasema hivi: miaka hii yote tumeuziwa spidi, na kitu tunahitaji ni njia ya pili. Hata matatu inajua. Jam ikishika, dere hangoji serikali ipanue barabara. Anapiga njia ya panya.

Kuna mitandao imejengwa kwa akili hiyo. Haina mnara wala bosi wa katikati. Kila ruta au simu inapokea ujumbe kwa jirani na kuupitisha mbele, mpaka ufike kwa yule ako na intaneti. Wataalamu wanaiita mitandao ya ad hoc. Shida yake ni kuwa hewa haiaminiki. Ukuta wa mawe unakula mawimbi, mtu anahama na simu yake, jirani tokeni za stima zinaisha na ruta inalala.

Piga hesabu na mimi. Ujumbe wako unaruka mara tatu kabla ufike, na kila mruko unafaulu mara 90 kwa 100. Inasikika poa, sindio? Sasa zidisha 0.9 × 0.9 × 0.9. Ni 0.729. Jumbe 27 kwa 100 zimepotea njiani, hapo hatujahesabu kutuma tena. Ongeza njia ya pili ya miruko mitatu, isiyogusana kabisa na ya kwanza, na utume nakala kwa zote mbili. Ili ujumbe upotee lazima njia zote zikatae kwa mpigo. Nafasi ya kufika inapanda hadi karibu 93. Ukiwa na njia tatu, 98. Ruta ni zile zile dhaifu.

Hii si stori mpya. Mbinu moja maarufu ya kutafuta njia kwa mitandao hii, AODV, huwa inashika njia moja. Ikikatika, inaanza kuuliza upya mtandao mzima "nani anamjua fulani?" na wewe unangoja. Mwaka wa 2001 Mahesh Marina na Samir Das wakatoa AOMDV: ukishauliza, weka njia kadhaa mfukoni, moja ikifa unaruka kwa nyingine bila kuuliza tena. Hiyo 2001 mimi sikuwa nimezaliwa, na mtaani bado tunaishi kwa njia moja.

Lakini neno la muhimu ni lile la kutogusana, na hapo ndipo tunachezwa. Dere akikimbia jam ya Thika Road, anaweza kupiga Northern Bypass, aingie Kiambu Road, ajione mjanja. Halafu Kiambu Road inamrudisha Thika Road pale Muthaiga. Jam ikiwa hapo mbele, amezunguka bure. Rudi kwa hesabu yetu: njia zako mbili zikishare mruko mmoja tu, ile 93 inashuka hadi karibu 87, na haitawahi kupita 90 hata uongeze njia ishirini. Ule mruko mmoja ndio unaamua.

Na kwa waifai kuna mtego mwingine, hauonekani kwa mchoro. Njia mbili zinaweza kutoshare ruta hata moja na bado zikazibana, kwa sababu zinaongea hewa moja. Ruta zikiwa karibu kwa chaneli moja, moja ikiongea nyingine inanyamaza. Kwa GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana tunazotumia ni tatu tu: 1, 6 na 11. Nenda uangalie ploti yenu, utapata karibu kila mtu amejazana kwa 6.

Kutuma nakala kila mahali nako kunakula hewa na betri. Kuna ujanja wa bei nafuu. Tuseme unataka kutuma 4 na 7. Pitisha 4 njia ya kwanza, 7 njia ya pili, na jumla yao, 11, njia ya tatu. Njia yoyote moja ikifa, mwenzako anatoa tu na anapata iliyopotea. Umelipia nusu zaidi, si mara mbili. Hesabu ya darasa la pili bana, na ndiyo wazo lenyewe.

Wakubwa pia hukosa njia ya panya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikatambaa. Majina mawili, bahari ile ile.

Sisemi ploti iachane na waya. Nasema majirani wanne wenye ruta, kwa kampuni mbili zinazopita nguzo tofauti, wanaweza kuunganisha nyumba zao na mmoja akizimika abebwe na wengine. Programu ya batman-adv ni ya bure, iko ndani ya Linux tangu 2011, na inachagua yenyewe jirani wa kumpitia. Spidi itashuka kila mruko, hilo ukubali. Kibera kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya mtaa, na tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina mwongozo wa leseni kwa mitandao ya aina hiyo. Mlango uko.

Kabla ya hayo yote, anza na swali moja. Mwezi huu jamaa wa waifai akija kuchukua pesa, muulize waya wake unapita nguzo gani. Akikuambia "sisi ni kampuni tofauti na hao wengine", hajajibu. Toka naye nje akuonyeshe nguzo.