Plastiki Si Karatasi

Ukivuka mpaka pale Busia, mfuko ule ule hubadilika jina. Upande wa Uganda huitwa kaveera. Upande wetu wengi husema "karatasi", ilhali hauna chembe ya karatasi ndani yake. Mwanaisimu hawezi kulipuuza jambo hili, kwani jina lisilo sahihi huficha hatari ya kitu.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Uganda ilikuwa imetangulia mwaka 2009, lakini utekelezaji ukalegea. Matokeo yake mifuko ikawa ikipenyezwa kwetu kupitia Busia na Malaba. Tangu hapo mjadala wetu umekuwa juu ya mitaro iliyoziba na ng'ombe waliomeza plastiki. Mjadala huo ni wa haki. Hata hivyo, tumesahau kuuliza ni nini kinachoingia chunguni. Ni nani asiyewahi kuona sufuria ya pure ikifunikwa kwa plastiki ili iive upesi, au viazi vya moto vikitiwa mfukoni?

Homoni ni wajumbe wa mwili. Huamrisha ukuaji, uzazi na matumizi ya sukari. Zipo kemikali zinazojifanya wajumbe hao. Bisifenoli A, ipatikanayo katika plastiki ngumu ya polikaboneti na katika utando wa ndani wa baadhi ya mikebe, huiga estrojeni, homoni ya kike. Thaleti, zinazolainisha plastiki ya PVC, huweza kuvuruga homoni za kiume. Ni kweli kwamba mfuko mwembamba wa polithini si chimbuko kuu la kemikali hizi mbili. Lakini nao hutiwa viungo vingine, na ukiwa umetengenezwa kwa plastiki kuukuu, mnunuzi hawezi kujua umebeba nini. Aidha, joto na mafuta huharakisha kemikali kuhamia chakulani.

Umoja wa Ulaya uliiondoa bisifenoli A katika chupa za watoto wachanga mwaka 2011. Desemba 2024 ukapitisha sheria ya kuiondoa katika vifungashio vya chakula kwa jumla, huku viwanda vikipewa muda wa kujirekebisha. Sisi bado tunahesabu mifuko iliyonaswa mpakani.

Yafaa basi walimu wa sayansi na wa Kiswahili washirikiane. Wa kwanza aeleze kemikali. Wa pili asahihishe jina. Mwanafunzi wa Marachi akumbushwe kwamba jani la mgomba lilifunika vyungu vya nyanya zake bila kudai maelezo ya maabara. Akijua kwamba anachokiita karatasi ni zao la mafuta ya petroli na gesi, atasita kabla ya kukifunika juu ya chakula kinachotokota.