Vurugu si kufuli

Juzi jamaa yangu alinionyesha programu ya kutuma ujumbe wa siri. Akajigamba: "Hii inatumia hesabu za vurugu, hakuna wa kuivunja!" Mimi ni mwandishi wa habari, kuna watu wameniamini na majina yao. Kwa hiyo sikuishia kutikisa kichwa, nilienda kusoma.

Vurugu katika hesabu si fujo ya sokoni. Ni mfumo wenye kanuni kamili, ila ukiubadilisha kidogo tu mwanzoni, mwisho unakuwa mwingine kabisa. Mwaka 1961 Edward Lorenz wa MIT, Marekani, aliingiza kwenye kompyuta 0.506 badala ya 0.506127. Hali ya hewa aliyokuwa akiikokotoa ikaenda njia nyingine.

Ungedhani mifumo miwili ya namna hii haiwezi kwenda sambamba. Mwaka 1990 Louis Pecora na Thomas Carroll walionyesha inawezekana: mmoja ukiupelekea wa pili sehemu ya mawimbi yake, huo wa pili unaweza kuufuata hatua kwa hatua. Hapo watu wakaona dili. Ficha sauti ndani ya vurugu, mpokeaji aondoe vurugu, sauti ibaki. Kevin Cuomo na Alan Oppenheim walifanya hivyo kwa saketi mwaka 1993. Mwaka 2005 watafiti wakatumia leza kwenye kilomita 120 za nyaya za mwanga mjini Athens.

Tatizo ni kwamba vigezo vya saketi mbili lazima vifanane, na vipuri vya dukani havifanani sawasawa. Dawa mojawapo ni udhibiti unaojirekebisha. Mpokeaji anaanza kwa kubahatisha vigezo, anapima tofauti kati ya mawimbi yake na yanayoingia, kisha tofauti hiyo inamwelekeza apandishe nini na ashushe nini. Masharti yakitimia, tofauti inakaribia sifuri na vigezo vinajulikana.

Safi sana! Lakini hebu jiulize: kama mpokeaji anajifunza vigezo kwa kusikiliza tu, anayedukua waya huo huo na kuujua aina ya mfumo atashindwa nini? Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata inajichonga yenyewe hadi iingie mtungini. Tena mwaka 1994 Kevin Short alionyesha ujumbe uliofichwa hivyo unaweza kuchomolewa hata bila saketi ya mpokeaji.

Sisemi utaalamu huu hauna maana. Kwa mashine ambayo vigezo vyake havijulikani ni mkombozi. Ninachokataa ni kuuziwa ugumu kana kwamba ni usalama. Auguste Kerckhoffs aliandika tangu 1883 kwamba mfumo wa siri uwe salama hata adui akiujua wote, mradi hana ufunguo. Jamaa yangu nilimwuliza ufunguo uko wapi na nani huru ameujaribu mfumo wake. Hakuwa na jibu.

Majina ya watu wangu hayapiti humo. Wewe ungeyapitisha?