NYUMBA YETU: Mzee Anayetetemeka Asianguke

Baadhi yenu mnaye mzee nyumbani ambaye mkono wake hutetemeka na hatua zake zimekuwa fupi. Majirani husema amerogwa, au kwamba ni pombe ya ujanani. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson, unaoitwa kwa jina la daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Muhammad Ali, bingwa wa ndondi, alithibitishwa na madaktari kuwa anao mwaka 1984, miaka 10 baada ya kumshinda George Foreman mjini Kinshasa. Basi si aibu wala si uchawi. Sehemu ya ubongo inayotoa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, hudhoofika. Dawa za kutuliza dalili zipo. Ya kuponya bado.

Hatari kubwa nyumbani ni kuanguka. Nyonga ikivunjika, huenda mzee asitembee tena. Hapa Namuwongo, nyumba nyingi za bondeni, karibu na reli na mfereji wa Nakivubo, zina vizingiti virefu vya kuzuia mafuriko, na vyoo vingi hupandiwa kwa ngazi. Mgonjwa huyu afikapo mlangoni, miguu yaweza kuganda ghafula huku kiwiliwili kikiendelea mbele.

Askari aendaye zamu ya usiku na atengeneze haya kabla ya kuondoka.

Kwanza, aondoe mkeka, ndoo na sigiri katika njia ya mzee.

Pili, apigilie mti imara wa kushikia kando ya mlango na kando ya ngazi za choo.

Tatu, achore mistari myeupe sakafuni karibu na mlango, mmoja kwa kila hatua. Jicho likiona cha kuvuka, mara nyingi mguu huinuka.

Nne, aweke ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, pamoja na tochi au taa ya sola. Kibatari hakifai mkono unaotetemeka.

Tano, mzee avae viatu vilivyofunga kisigino, si malapa.

Miguu ikiganda, msimvute. Simameni kando yake, mhesabieni kwa sauti, "Kushoto, kulia," kama katika gwaride. Mwendo wa kuhesabiwa humsaidia kuanza tena. Akitaka kugeuka, azunguke kwa nafasi, asijipinde mahali pamoja. Akiamka, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, kwani damu yaweza kushuka nguvu akisimama upesi.

Dawa apewe kwa saa zile zile alizoandikiwa. Ikichelewa, miguu huganda zaidi. Wala isikatizwe ghafula bila shauri la daktari.

Mwisho, msimfungie ndani kwa hofu. Asiyetembea hupoteza nguvu, na asiye na nguvu huanguka upesi zaidi. Atembee kila siku, na mmoja wenu awe kando yake.