Podikasti yetu mpya: kwa nini tunaanza na mbaazi, na kwa nini hatutataja bei ya leo

Bei ya mbaazi ikisomwa redioni saa moja jioni, msikilizaji anajua kwamba ni bei ya siku hiyo. Bei hiyohiyo ikirekodiwa, ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na mkulima akaisikia wiki tatu baadaye, inaweza kumtia hasara. Atamkatalia mnunuzi akidhani anapunjwa, au atamuuzia mtu wa kangomba akidhani amepata bei nzuri, kumbe mnada wa juzi umeshapandisha.

Hilo ndilo jambo lililotuchukulia muda mrefu kuliko yote tulipokaa kupanga vipindi vitatu vya kwanza vya podikasti yetu. Wasikilizaji wetu wengi wa Masasi, Nachingwea, Ruangwa, Newala na Tandahimba wamekuwa wakituuliza podikasti ni nini, itawagharimu kiasi gani, na kama tunataka kuihama redio. Tunajibu hapa, na tunaeleza tulichoamua na sababu zake.

Podikasti ni nini?

Ni kipindi cha sauti kinachorekodiwa na kuwekwa mtandaoni, ukakipakua kwenye simu na kukisikiliza wakati unaoutaka. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 2004. Redio inakutaka uwepo kipindi kinapopita. Podikasti inakungoja. Ukiwa unapalilia mchana, unaisikiliza usiku. Usipoelewa mahali, unarudia.

Kungoja huko ndiko faida yake, na ndiko hatari yake. Kosa la hewani tunaweza kulisahihisha kesho yake kwa wasikilizaji walewale. Kosa lililopakuliwa linabaki kwenye simu za watu, nasi hatujui ni simu zipi. Kwa hiyo tumegawa kazi: bei za leo zitabaki hewani, na podikasti itaeleza kwa nini bei hupanda na kushuka. Sababu haziozi upesi kama bei.

Gharama ya bando

Kipindi cha dakika 15 kikirekodiwa kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, kiwango kinachotosha hata kwa muziki, kinakula takriban MB 14. Kikirekodiwa kwa kilobiti 32, kinakula chini ya MB 4. Sauti ya mtu anayezungumza inasikika vizuri hata kwa kiwango hicho cha chini. Podikasti yetu ni ya mazungumzo, kwa hiyo tumechagua kiwango cha chini na tumeacha muziki mrefu wa kufungulia. Anayetaka ubora zaidi ataukuta pembeni, lakini faili dogo ndilo litakalotangulia.

Vilevile hatutamlazimisha mtu kuweka programu maalumu. Programu za aina hii huja na kuondoka: Google Podcasts, iliyokuwa kwenye simu za watu wengi duniani, ilifungwa mwaka 2024. Faili la sauti la kawaida hupita popote. Anaweza kulipakua mtu mmoja mwenye bando, kisha akawapa wenzake kwa Bluetooth au kwenye kadi ya kumbukumbu bila senti moja.

Na wenye vitochi je? Hawa ni wengi, na wengi wao ni akina mama ambao simu kubwa ya nyumbani iko mfukoni mwa baba. Kwa hiyo kila kipindi kitasikika kwanza hewani kikiwa kizima, kisha ndipo kiende mtandaoni. Tukifanya kinyume, habari ya mbaazi itamfikia mwenye simu kubwa kabla ya mwenye shamba.

Kipindi cha kwanza: mbaazi na mwaka 2017

Wapo waliotaka tuanze kwa kujitambulisha: sisi ni nani, tumetoka wapi, tunakusudia nini. Tulikataa. Mtu aliyetoa MB zake nne anastahili kuondoka na kitu mkononi.

Tumechagua swali ambalo bado linaulizwa vijiweni: ile mbaazi ya 2017 ilipatwa na nini? Watu walilima kwa moyo kwa sababu bei ya miaka iliyotangulia ilikuwa nzuri. Ulipofika wakati wa kuuza, bei ikaanguka hadi wengine wakaona kuvuna ni kujisumbua. Wengi walilaumu wanunuzi, wengine viongozi wa ushirika.

Jibu sehemu kubwa lilikuwa ng'ambo ya bahari. Mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu ni India. Ukame ulipoipiga, mbaazi zikaadimika kule na bei ikapanda hadi huku. Wakulima wa India nao waliiona bei hiyo, wakapanda kwa wingi, mvua ikawakubali, na maghala yao yakajaa. Agosti 2017 serikali yao ikaweka kikomo: tani 200,000 tu za mbaazi ziingie kwa mwaka. Majirani zetu wa Msumbiji walikuwa wameshatia saini makubaliano na India mwaka 2016 juu ya kununuliwa mazao yao ya jamii ya kunde. Sisi hatukuwa na mkataba wa namna hiyo. India ilikuja kulegeza masharti hayo mwaka 2021.

Kwa nini tuanze na habari ya zamani? Kwa sababu jambo lenyewe linaweza kurudi. Mbaazi hupandwa mvua zinapoanza na huvunwa miezi mingi baadaye. Anayepanda kwa kuangalia bei ya mavuno yaliyopita anabahatisha. Akijua kwamba mvua za Maharashtra na Karnataka zinahusika na gunia lake, atauliza swali jingine kabla ya kuamua ekari ngapi ziwe za mbaazi na ngapi za chakula.

Kipindi cha pili: safari ya gunia moja

Kipindi cha pili kitafuata gunia moja katika mfumo wa stakabadhi ghalani. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na kwenye korosho mfumo ulianza kutumika mwaka 2007. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, unapimwa, anapewa stakabadhi. Mzigo unaenda ghala kuu, unapigwa mnada, mnunuzi analipa, na fedha zinamfikia mkulima baada ya makato.

Hapo kwenye makato ndipo maswali mengi mnayotuletea yanapoanzia: bei iliyotangazwa mnadani ni hii, mbona iliyoingia kwenye akaunti ni ile? Tutapita kato moja baada ya jingine: usafiri, ghala, ushirika, ushuru wa halmashauri na mengineyo. Tutaeleza kila moja linakwenda kwa nani na nani anaruhusiwa kulibadilisha. Tunawaomba msikilize mkiwa na stakabadhi mkononi.

Kipindi cha tatu: nani anapanga bei?

Hiki ndicho kigumu. Mwaka 2018 wakulima wa korosho walizikataa bei za minadani, na Novemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akaagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likipewa kazi ya kuisomba. Wapo wanaokumbuka hatua ile kama ukombozi. Wapo wanaokumbuka zaidi miezi waliyongoja malipo. Wote wawili wana hoja.

Tunataka kuwaweka meza moja mkulima, mnunuzi na kiongozi wa ushirika. Kuna kishawishi cha kumrekodi mkulima mwenye hasira peke yake, maana sauti ya namna hiyo husambaa upesi. Lakini tumekwisha kusema kwamba podikasti haifutiki kwenye simu za watu. Anayetuhumiwa lazima apewe nafasi ya kujibu ndani ya kipindi hichohicho, siyo wiki inayofuata ambapo huenda msikilizaji hana bando. Sheria nayo inatuhusu: tangu 2018 Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni chini ya TCRA. Kwenda mtandaoni hakutuondolei wajibu tulio nao hewani.

Kwa nini vitatu kwa mpigo?

Hatutatoa cha kwanza mpaka vyote vitatu viwe vimekamilika. Vipindi vingi vipya huanza kwa kishindo, vikanyamaza mwezi wa pili kwa sababu mtayarishaji ameitwa kwenye kazi nyingine. Kwetu watu wanaotayarisha podikasti ndio haohao wa taarifa ya habari. Tukiwa na akiba ya vipindi, msimu wa minada ukitubana hamtaachwa njiani.

Kila kipindi kitaanza kwa kutaja tarehe kilipotengenezwa. Atakayekipata mwakani kwa jirani ajue ni cha lini kabla ya kukiamini.

Bado kuna swali moja tunawaachia ninyi. Baada ya hivi vitatu, twende kwenye ufuta, au tubaki kwenye mbaazi na kuuliza kwa nini sisi wenyewe hatuili zaidi? Tupigieni wakati wa kipindi cha jioni au tumeni ujumbe mfupi kama mlivyozoea. Kitochi kinatosha kwa hilo.