Gazi Haiishi

“Gazi imeisha”: hayo ndiyo maneno ambayo fundi wa frigo na klima hapa Kalemie, akishafungua kasha la nje na kuligusa bomba kwa kiganja, humwambia mwenye nyumba, na mwenye nyumba, aliyekesha siku tatu katika fukuto, hutoa fedha bila ya hoja, kama atoavyo za makaa. Wala si ajabu akisadiki, kwa kuwa makaa huisha, na mazutu ya jenereta huisha. Lakini gazi ya klima haina tabia hiyo hata kidogo. Haiungui wala hailiki. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikachemka chumbani na kulibeba joto, kisha ikakandamizwa na kompresa na kurudi kuwa majimaji huko nje, ambako hulitua joto lile. Na ndugu zetu walioko Ubelgiji, ambao haja yao wakati wa baridi ni kinyume cha yetu, wana mashine iyo hiyo iliyoongezwa vali ya kugeuza mzunguko, ambayo huchota joto katika hewa ya nje na kulitia sebuleni, nao huiita pampu ya joto. Huko na huku, gazi iliyotiwa siku ya kwanza imekusudiwa kudumu umri wote wa mashine, na ikipungua, basi pana tundu.

Jirani yangu, mama mwuza mikebuka na ndagala, alitiliwa gazi mara tatu katika mwaka mmoja, katika klima ya chumba alalamo mama yake mzazi. Mara ya tatu nilikuwapo, nikamwuliza yule kijana, “Fundi, ile ya kwanza ilienda wapi?” Akanijibu kwa adabu kamili, “Papa, joto ya huku inaimaliza.”

Sikumhesabu kuwa mwongo, na rai yangu, ambayo najua haitawapendeza wenye klima wenzangu, ni kwamba taksiri kubwa ni yetu sisi tulipao. Kwani tumeridhia kulipa kile kinachotoka katika chupa, na kila saa ambayo fundi angeitumia kutafuta tundu, kuliziba na kulijaribu tunaihesabu kuwa ni uvivu, hata imekuwa fundi mwenye insafu hurudi kwake mikono mitupu, ilhali mwenye haraka hurudi na ujira, na baada ya miezi minne huitwa tena.

Kazi yenyewe, ikifanywa ipasavyo, ni ya subira. Baada ya tundu kuzibwa, mabomba hujazwa nitrojeni kavu, ambayo mafundi wetu waliojifunza kwa Kifaransa huiita azoti, yakaachwa na shinikizo lake huku maungio yakipakwa povu la sabuni. Hapa pana hatari ambayo haifai kuificha: oksijeni iko kwa kila mchomelea vyuma, na mwenye kukosa azoti hushawishika kuitumia badala yake; lakini oksijeni yenye shinikizo, ikikutana na mafuta ya kompresa, hulipuka na kuua.

Kisha pampu huvuta hewa na unyevu wote, kwa sababu maji yakibaki humo hugeuza mafuta kuwa tindikali, nayo huila kompresa polepole. Na katika jambo hili mji wetu una hila yake. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya bahari, na hewa inayotukandamiza ni milimita 690 na kitu za zebaki, wala si 760 za pwani. Kwa hiyo mshale wa geji, hata pampu ikivuta yote yaliyomo, husimama karibu na inchi 27, na fundi aliyefundishwa kuingojea 30 atangoja hadi magharibi, au ataitupia lawama pampu isiyo na kosa. Tena mshale huo haukutengenezwa kwa kipimo cha ndani namna hiyo: kinachotakiwa ni nusu milimita ya zebaki, na hiyo huonwa kwa geji maalumu ya ombwe tu, ambayo, pampu ikishafungwa, yapasa kutulia bila ya kupanda.

Baada ya hayo ndipo gazi hutiwa, tena kwa mizani. Kibao cha mashine kimeandika aina na uzito, na mwenye kuiunda hueleza gramu za kuongeza kwa kila mita ya bomba lililozidi kipimo. Bomba kutoa jasho si ushahidi kwamba gazi imetosha, na kuzidisha kuna madhara, kwa maana gazi ikizidi hurudi kwenye kompresa ikiwa majimaji, na majimaji hayakandamiziki, hata vali zikavunjika. R-410A, ambayo ni mchanganyiko wa gazi mbili, hutiwa ikiwa majimaji ili uwiano wake usiharibike, na shinikizo lake hupita la R-22, gazi ya klima za zamani, kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo geji na mipira ya ile haifai kwa hii.

Chupa nayo itazamwe asili yake. Mwaka 2011 wafanyakazi watatu, huko Vietnam na Brazil, waliuawa na makontena ya baridi yaliyotiwa gazi ya bandia, ambayo ilikuwa imeingiliana na alumini ikazaa kitu kinachowaka kikikutana na hewa. Nami nahofu kwamba bandia itazidi, kwani R-22, kwa maafikiano ya Montreal ya 1987 na yaliyoongezwa baadaye, inaondolewa katika nchi kama yetu, na baada ya 2030 yatabaki makombo ya matengenezo tu. Na kitu adimu hakikosi mwigaji.

Jirani yangu alikubali hatimaye kumwita fundi mwingine, mtu mzima, aliyekuja na mizani. Povu lilitokea kwenye nati ya nyuma ya ukuta, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuinama. Alikaa tangu asubuhi hadi alasiri, na sehemu kubwa ya muda huo aliketi juu ya ndoo akitazama geji isiyosogea, huku mama yule akipita mlangoni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba na huko kukaa nako kunalipiwa.