Ndege kuukuu si ya kuuzwa kwa kilo

Ukitoka Bofu ukateremka hadi ufuoni Mtongwe, ng'ambo ya maji utaiona Kipevu na matangi yake ya mafuta. Ndege za abiria hupita juu zikielekea uwanja wa Moi. Wachache wanajua kwamba zamani ndege zilikuwa zikitua pale pale majini.

Nimekumbuka hayo kwa sababu ya swali la mwanafunzi mmoja wa Bofu. Alikuwa amesoma kuhusu Wazungu wanaotumia miaka mingi kutengeneza ndege ya mabomu ya kale, ili iwekwe katika makumbusho. Akaniuliza: "Ndege yenyewe haitaruka tena. Si afadhali iuzwe kwa kilo, pesa zijenge darasa?"

Swali zuri, na jibu lake linaanzia Kipevu.

Mwezi wa Aprili 1942 Wajapani walishambulia Colombo na Trincomalee kwa ndege. Manowari za Uingereza zikahamia Kilindini. Shule ya Allidina Visram ikachukuliwa na wanajeshi wa kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Kipevu nako kikawekwa kikosi namba 209 cha jeshi la anga la Uingereza, pamoja na ndege zake aina ya Catalina zilizoundwa Marekani.

Catalina ilikuwa nusu ndege, nusu chombo cha baharini. Tumbo lake lilielea kama dau, na mabawa yake, toka ncha hadi ncha, yalizidi mita 31. Iliweza kukaa angani zaidi ya saa 15 ikisaka nyambizi, na ikiiona huiangushia mabomu ya kulipuka chini ya maji.

Bahari ilikuwa kubwa kuliko ndege zilizokuwapo. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini, ikiwa katika msafara wa kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297. Mamia kati yao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga namba 301 cha Afrika Mashariki. Hawana makaburi. Majina yao yameandikwa Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong.

Na Catalina ziliishia wapi? Vita vilipokwisha mwaka 1945, ndege ambazo Uingereza iliazimwa na Marekani zilitakiwa zirudishwe au ziharibiwe. Katika nchi mbalimbali nyingi zilivunjwa, nyingine zikazamishwa baharini. Ziliundwa zaidi ya 3,000. Leo zilizobaki zinahesabika. Moja imo katika makumbusho ya jeshi la anga huko Cosford, Uingereza, na hiyo ilikuwa ya jeshi la Denmark.

Sasa tazama kazi ya fundi anayeiokoa ndege kama hii. Wavuvi wa Mtongwe watamwelewa upesi, kwani adui wake mkubwa ni chumvi. Chumvi hujificha katika maungio ya bati la aluminiamu, bati likafanya unga mweupe na kuliwa polepole. Kwanza ndege huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Kila kipande hupigwa picha na kuandikwa kilipotoka. Ribiti zilizooza hung'olewa moja moja, na bati lililoliwa hutiwa kiraka. Sehemu za nyuma za mabawa, ambazo zilifunikwa kwa kitambaa, huvikwa upya. Ni kama fundi wa kukalafati dau: hutoa pamba iliyooza akatia nyingine, lakini ubao ulio mzima hautupi.

Ugumu ni kujua mahali pa kukoma. Mwenye haraka hupiga msasa ndege nzima, akapaka rangi ing'ae. Fundi wa makumbusho hukwangua kidogo kidogo, kwani chini ya rangi mna rangi nyingine, yenye namba na alama za kikosi. Tundu la risasi likizibwa, ushahidi umefutwa.

Ndiyo maana namwambia mwanafunzi wangu: darasa linahitajika, sibishi. Lakini ndege hii pia ni darasa. Ukiiuza kwa kilo utapata bei ya kilo, basi. Ukiitunza, mtoto atasimama chini ya bawa aulize: iliruka kutoka wapi? Ilimtafuta nani? Nani walikufa? Na asipojibiwa hilo la mwisho, ndege ya mabomu inakuwa pambo la vita tu. Chombo hiki kiliundwa kuua, na vijana wetu walipelekwa katika vita ambavyo hawakuvianzisha wao.

Sisi hapa Mombasa hatuna Catalina ya kuwaonyesha watoto. Lakini huenda nyumbani kwako mna sanduku la babu aliyekuwa keya, lenye nishani, barua au picha. Usiisugue nishani kwa majivu, wala usiibandike picha kwa gundi. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, weka mahali pasipo na unyevu, kisha uandike katika karatasi: jina lake, kikosi chake, alikokwenda na mwaka. Kama yupo mzee anayekumbuka, muulize leo. Waliobaki ni wachache mno, na kumbukumbu zao zikienda nao, hakuna fundi wa kuzitengeneza.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.